Mega zetu zinakulwa na nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, hapa Baraka. Mkutano uliomba yaandikwe ili wasiokuwepo nao wasome.



Mimi si fundi wa simu. Ni mmoja tu kati ya wale watatu mliotutuma tuchunguze mitandao, na leo tuko hapa kutoa hesabu, sababu pesa tuliyotumia ni ya kwenu.

Mnakumbuka kazi hii ilianzia wapi. Mama mmoja wa kwetu, na ameniruhusu niseme, dada yake mkubwa alifariki kule kambini Nyarugusu. Watoto wa marehemu walituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya chama siku ya Jumamosi, juu hiyo ndiyo namba wanayoijua. Simu ilikuwa imewaka, betri imejaa, rezo iko. Lakini forfeti ya siku moja ilikuwa imekwisha muda wake usiku, na ndugu anayeshika simu hakuwa na pesa ya kununua nyingine. Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi. Walikuwa wamekwisha kuzika. Mchango wetu ulifika watu wanatoka matangani.

Hatukumlaumu yule ndugu. Tulijiuliza: pesa ya mega tunayotoa kila mwezi inakwenda wapi?

Kwanza tusikilizane kwa maneno. Kule kambini tulikuwa tunasema bando, vocha na laini. Hapa tumekuta watu wanasema forfeti, unite na mega. Vitu ni vilevile. Unite ni pesa iliyo ndani ya simu. Mega ni kipimo cha intaneti, kama kibaba cha unga. Forfeti ni kununua vibaba vingi pamoja kwa bei moja, lakini vikiwa na siku ya kuharibika. Hapo ndipo tofauti na unga. Unga ukibaki unaupika kesho. Mega zikibaki na siku imekwisha, mara nyingi zimekwenda.

Tulifanya hivi. Tulichukua simu tatu na mitandao mitatu, kila mtu na wake, kwa wiki nne. Kila mmoja alipewa pesa sawa. Tulipiga na kutuma kutoka palepale na kwa saa ileile: sokoni hapa Baraka, Mboko, na Fizi kwenyewe. Saa mbili ya usiku, ambayo kule Nyarugusu ni saa tatu, tulikuwa tunaita ndugu zetu kwa WhatsApp. Kila kitu tuliandika, maana wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majina ya mitandao sitayataja hapa. Yako kwenye daftari kwa katibu, kila mwanachama anaweza kwenda kusoma. Mimi nitasema wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Tuanze na bei. Mtu wa kabini ukimuuliza forfeti gani ni nzuri, atakuonyesha ya siku moja. Nitawapa mfano wa hesabu, msishike namba, shikeni njia. Tuseme forfeti ya siku moja ni franka 500 kwa mega 100. Ya mwezi ni franka 10,000 kwa mega 1,500. Ukigawanya, mega moja ya siku ni franka 5, na ya mwezi ni karibu franka 7. Basi ya siku ni rahisi zaidi? Ndivyo inavyoonekana.

Sasa uliza swali la pili: ulitumia mega ngapi kabla hazijaharibika? Sisi tulikuta mtu wa kawaida anayesoma ujumbe na kuita ndugu mara moja kwa siku anatumia kama mega 40. Zile 60 zinakufa usiku. Kwa hiyo umelipa franka 500 kwa mega 40, ni zaidi ya franka 12 kwa moja. Ukifanya hivyo siku 30 umetoa franka 15,000. Mwenzako wa forfeti ya mwezi ametoa 10,000, ametumia mega zilezile 1,200, na bado ana 300 za dharura. Bei ya kweli ya mega ni bei ya ile uliyoitumia. Ile iliyoharibika umemlipia mwenye duka bure.

Najua mtasema nini. Mama mmoja alinijibu palepale sokoni: "Mwanangu, mi najua hiyo. Lakini franka 500 niko nayo leo. Elfu kumi nitaitoa wapi?" Alisema kweli. Watu hawanunui ya siku sababu ya ujinga. Wanainunua juu mkono hauna zaidi. Ndiyo maana katika mapendekezo kuna jambo la likelemba. Nitafika huko.

Jambo la pili: mega zinakulwa na nani? Mama mwingine alituambia: "Mi nanunua asubui, mangaribi inakwisha, na sikufungua hata kitu." Tulifungua simu yake. Yuko kwenye vikundi kumi na moja vya WhatsApp: kwaya, ukoo, kambi, wauza samaki. Kila video iliyotumwa ilikuwa inajipakua yenyewe, hata zile ambazo hajawahi kuzitazama. Tukaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, pale penye kupakua faili zenyewe. Tukaondoa alama kwenye picha, sauti, video na hati, kwa wakati simu inatumia mega. Sasa anapakua kile anachokitaka kwa kukigusa. Wiki iliyofuata mega za siku moja zilimkalia siku nzima. Halafu angalia duka la programu: liambie lisisasishe programu mpaka simu ipate waifai. Ni bure, na kijana yeyote hapa atakusaidia.

Na tuongee juu ya kuita. Sehemu hiyohiyo ya WhatsApp ina ukurasa unaoonyesha mega ulizotumia. Kwetu, dakika moja ya sauti ilikula kama nusu mega. Dakika moja ya video ilikula kama mega tano, mara kumi. Sisemi msitazame nyuso za wajukuu. Tazama dakika mbili, sema "nimekuona, umenenepa, Mungu ni mwema", kisha funga kamera muendelee kwa sauti.

Kuna mtego mwingine. Kwenye mitandao miwili kati ya mitatu, mega zilipokwisha simu haikusimama. Iliendelea kwa kukata unite, na kwa bei kali. Simu ikikuandikia kwamba forfeti iko karibu kuisha, zima data, halafu ujipange.

Na mjue pia: kutuma na kupokea pesa kwa simu, ukifuata ile njia ya kubonyeza nyota na namba, hakuhitaji mega. Mtu asikuambie ununue forfeti kwanza.

Jambo la tatu ni rezo. Mtandao wa kwanza ndio wenye mega nyingi kwa pesa ndogo. Hapa sokoni unakimbia vizuri. Lakini tulipofika Mboko, kati ya majaribio kumi ya saa ya usiku, tulipata mara tatu tu. Wa pili ulipata mara nane. Wa tatu mara sita, lakini sauti inakatikakatika. Mega elfu mahali pasipo rezo ni kama mtumbwi mzuri juu ya mlima.

Jambo la nne, na kwangu ndilo zito: ukipata shida, nani anakujibu? Kila mmoja wetu alipiga huduma kwa wateja mara kumi na mbili, kwa saa mbalimbali. Mtandao wa kwanza tulizungumza na mtu mara tatu. Zile nyingine ilikuwa muziki na mashine, mpaka mkono unachoka. Wa pili mara tisa. Wa tatu mara saba, na mara mbili tulikatiwa simu tukiwa katikati ya kueleza.

Shida tuliyokuwa tunaeleza ni ya kweli. Simu zote tatu ziliandikishwa kwenye huduma za ziada ambazo hakuna aliyeziomba, mambo ya mpira na vichekesho, na unite zikakatwa. Mtandao wa kwanza waliiondoa ile huduma lakini unite hazikurudi. Wa pili waliiondoa, na siku ya tatu unite zilirudi. Kwa wa tatu tungali tunasubiri.

Wandugu, hapa niseme wazi. Wale waliorudi mapema wanakumbuka RAM, ile tozo ya kuandikisha simu iliyoanza 2020 ikaondolewa 2022, iliyokuwa inakatwa kwenye unite. Tangu hapo tumezoea. Unite ikipotea tunasema ni mambo ya Kinshasa, tunanyamaza. Lakini siyo kila unite inayopotea ni kodi. Nyingine ukiuliza inarudi. Tulirudishiwa juu tuliuliza, tukiwa na tarehe, saa na kiasi kwenye daftari. Na kampuni ikikataa kabisa, iko ARPTC, mamlaka ya nchi inayosimamia makampuni ya simu. Chama kinaweza kuandika barua. Barua ya chama ina uzito kuliko kelele za mtu mmoja kwenye kabini.

Sasa sikilizeni hili. Mmoja wetu watatu, simu yake ilipata shida wiki ya pili. Mtu wa huduma alimuuliza kwa heshima: "Laini iko kwa jina la nani?" Akataja jina lake. Akajibiwa: "Hapana." Kumbe siku alipoinunua barabarani hakuwa na kitambulisho, na muuzaji aliiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Mazungumzo yakaishia hapo. Kama angekuwa na pesa ndani ya ile laini na simu ikaibiwa, pesa ingekuwa ya nani?

Ninajua wengi wetu tuko hivyo. Tulirudi na makaratasi ya kambi. Wengine tulifika baada ya CENI kumaliza kuandikisha wapiga kura mwaka 2023, kwa hiyo hatuna ile kadi ya mpiga kura inayotumika hapa kama kitambulisho. Tukachukua laini kwa jina la jirani, la shemeji, la mtu wa kabini. Ilikuwa lazima. Lakini leo, kabla ya kubishana juu ya mega, kila mtu aulize laini yake iko kwa jina la nani. Kama jirani huyo yupo, nendeni naye ajansi mkaulize namna ya kuibadilisha. Kama huna kitambulisho, usiweke akiba kubwa ndani ya laini hiyo. Na hakuna mtu wa kweli wa huduma atakayekuomba namba ya siri. Anayeiomba ni mwizi, hata akikuita kwa jina la baba yako.

Mapendekezo yetu ni matatu.

La kwanza, simu ya chama ihamie mtandao wa pili. Si wa bei ya chini. Mega zake ni chache kuliko za mtandao wa kwanza kwa pesa ileile, siwafichi. Lakini usiku unapatikana Mboko, na ukipiga mtu anajibu. Simu ya chama ni ya msiba na ugonjwa. Inunuliwe forfeti ya mwezi, na laini iwe kwa jina la chama.

La pili, wanaotaka wajipange watano watano kwa likelemba ndogo ya forfeti. Kila mmoja atoe franka 2,000 kwa wiki. Kwa ule mfano wangu, kila wiki mmoja anapata 10,000 na kununua ya mwezi. Atakaa wiki kama tano mpaka zamu irudi, basi ile wiki ya mwisho ndiyo atanunua za siku. Bado atakuwa amepunguza hasara.

La tatu, daftari lisifungwe. Mitandao inabadilisha bei bila kutuuliza. Kila baada ya miezi sita wachaguliwe wengine watatu wapime upya. Wakikuta mtandao wa pili umelegea, tuhame tena. Hatukuoa.

Pesa iliyobaki kwenye uchunguzi ni franka 3,500. Iko kwa mweka hazina, na karatasi ya matumizi hii hapa, ipite mkono kwa mkono.

Yule mama wa msiba yuko pale nyuma. Jana nilimuuliza kama ana neno. Alisema: "Semeni tu ile simu isilale tena." Bwana rais, naomba tupige kura.