Jumatano Mabibo

Jumatano alasiri, Mabibo, Dar es Salaam, jirani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, watu huvuta viti. Mama lishe yumo, mwanafunzi yumo, mjumbe wa mtaa naye yumo. Ni Semina za Jinsia na Maendeleo za TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993. Kiingilio hakuna.

Leo bajeti, wiki ijayo maji. Utamu, kusema kweli, uko kwenye ubishi: anayebeba ndoo alfajiri hueleza, msomi akisikiliza.

TGNP imesaidia pia kuanzisha vituo vya taarifa na maarifa, vinavyoendeshwa na wenyeji wenyewe. Cha Kipunguni, Ilala, kimejulikana kwa kupambana na ukeketaji.

Msikilizaji wa Temeke na Kinondoni, ukienda Mabibo, mchukue na jirani yako.