Daktari na Mashahidi Wake Wawili

Leo nataka kunena nanyi habari ya jambo litupatalo sote, yaani kumchagua daktari wa kuwatibu watu wa nyumbani mwetu. Mtu anunuapo ng'ombe mnadani hutazama meno yake, kisha huwauliza waliomchunga. Lakini mtoto wake ashikwapo na homa, humpeleka kwa yeyote avaaye koti jeupe, wala haulizi neno.

Sikilizeni mfano wa ziwa letu hili. Mwaka 1906 alifika hapa Mwanza daktari Mjerumani, jina lake Robert Koch, akichunguza ugonjwa wa malale, uliokuwa umeua watu wengi mno upande wa Uganda. Kwa kuwa hapa wagonjwa walikuwa wachache, alivuka akaenda visiwa vya Sese.

Sifa zake zilikuwa kubwa. Mwaka 1882 aligundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mwenye kuuliza vema angalisikia na habari nyingine: mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, wagonjwa wakaikimbilia Berlin, nayo haikuwaponya.

Huko Sese aliwadunga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Kwanza wengi walipata nguvu, na sifa zikaenea. Kisha kipimo kiliongezwa, na wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka, wasione tena. Wengine walitoroka wakarudi makwao. Je, hao walikuwa wajinga? La, hasha! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walisema yale miili yao iliyoyajua, na kipimo kile kikubwa kikaachwa.

Basi, daktari ana mashahidi wawili, nao yafaa wasikilizwe wote wawili. Wa kwanza ni elimu yake: amesoma wapi, na jina lake limo katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika? Asiyekuwamo, msimkabidhi mwili wenu, hata awe na maneno matamu namna gani.

Shahidi wa pili ni wagonjwa wake. Hapa pana hatari, kwa maana mmoja hupona kwa nguvu ya mwili wake akamsifu daktari. Mwingine hufiwa kwa ugonjwa usiotibika akamlaumu. Kwa hiyo msimwulize mtu mmoja, waulizeni wengi. Wala msiulize tu, "Ulipona?" Ulizeni hivi: Alikusikiliza mpaka mwisho? Alikupima kabla ya kuandika dawa? Alikueleza madhara yake? Na jambo lilipomshinda, alikiri, akakupeleka hospitali kubwa kama Bugando, au aliona haya akakuweka mpaka ukazidiwa?

Neno la mwisho. Dawa ikikusumbua, usiitupe kichakani na kunyamaza. Rudi, umwambie daktari waziwazi, hata kama yeye ni msomi na wewe ni mvuvi. Daktari mwema atakushukuru, maana habari hiyo haimo katika vitabu vyake. Imo mwilini mwako. Naye akikukemea kwa kusema kweli, basi amekwisha kujishuhudia mwenyewe.