WAHINDI: JINA MOJA, WATU WENGI



Wazee wetu walisema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hiyo twaitumia sana, lakini ni wangapi kati yetu wawezao kueleza Baniani ni nani, Khoja ni nani, na Kalasinga ni nani? Sisi huwaita wote Wahindi, tukadhani tumekwisha kuwajua. Kumbe Baniani hufuata dini ya Kihindu, Khoja ni Mwislamu, na Kalasinga si huyu wala yule.

India ni nchi kubwa mno, na katiba yake yataja lugha 22. Mtu wa Punjab na mtu wa Tamil Nadu, kila mmoja akisema lugha ya mama yake, hawasikilizani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, Wahindu walikuwa karibu 80 katika kila watu 100, na Waislamu 14. Waliosalia ni Wakristo, Makalasinga, Wabudha, Wajaini na wengineo. Hata Wahindu wenyewe hawana ibada moja: huyu humwomba Vishnu, yule Shiva. Wajaini hukataza kuua hata mdudu. Waparsi, ambao wazee wao walitoka Uajemi, hutunza moto mtakatifu usizimike. Wakristo wa Kerala nao husimulia kwamba Injili waliletewa na Mtume Tomaso.

Dini ya Makalasinga ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Katika hekalu lao la dhahabu, mjini Amritsar, maelfu ya watu hulishwa bure kila siku. Hakuna aulizwaye dini yake wala ukoo wake. Tajiri na maskini huketi chini, safu moja, wakala chakula kimoja. Desturi hiyo iliwekwa kwa makusudi, maana katika nchi ile watu wa daraja mbalimbali walikuwa hawali pamoja.

Lakini msidhani kwamba wamepatana siku zote. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru na Pakistan ikazaliwa, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili. Majirani wa miaka mingi waliuana. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao, na mamia ya maelfu walikufa.

Ndugu zangu, jambo hili latuhusu. Wengi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, mwaka 1896 hadi 1901, walitoka Punjab: Waislamu, Makalasinga na Wahindu, wakibeba chuma kimoja. Na mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya huko kuwa kabila la 44. Basi uingiapo dukani, usitosheke na kuuliza bei tu. Muulize mwenye duka lugha ya kwao ni ipi, na sikukuu yake ni lini. Naye umweleze yako. Kuuliza si ujinga, na asiyekujua hakuthamini.