Fereti Mweupe: Macho Mekundu, Pua Kali

Msikilizaji, Uingereza na Marekani wapo wanaofuga fereti nyumbani: mnyama mrefu, mwembamba, wa jamii ya kicheche. Baadhi ya fereti ni weupe pe, macho mekundu. Hao ni albino. Miili yao haitengenezi melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, na wekundu ule ni damu inayoonekana ndani ya jicho. Wawindaji wa sungura wa Uingereza waliwapenda, kwani huonekana haraka vichakani.

Jicho lisilo na melanini halizuii mwanga wa ziada, hivyo jua kali humkera fereti albino. Tena, mishipa inayotoka machoni kwenda kwenye ubongo haikupangika kama ya wenzake, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hupata shida kutambua vitu vinavyosogea. Basi usimvamie kwa mkono. Mwite, mwache akunuse kwanza, maana pua ndiyo kiongozi wake.

Na uziwi je? Hapo albino husingiziwa tu. Uziwi wa kuzaliwa huandamana zaidi na fereti wenye macho meusi na mabaka meupe kichwani.

Kwa magonjwa mengine rangi si hoja: uvimbe wa kongosho na wa tezi zilizo juu ya figo huwapata wote. Joto likipita nyuzi 30, fereti yumo hatarini. Ugonjwa wa distempa ya mbwa ukimpata ni nadra apone, kwa hiyo achanjwe. Hata homa yetu ya mafua humwambukiza. Ukishikwa nayo, mwachie mwingine amlishe.