Land Rover ya Zamani au Hilux?

Ndugu zangu wa kikundi cha mahindi,

Mmeweka akiba misimu mitatu. Sasa mmeletewa gari mbili: Land Rover ya mwaka 1980 na Hilux ya dizeli ya mwaka 2008. Mimi si fundi, lakini nisikilizeni kabla hamjatoa hela.

Msidanganywe na rangi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haipati kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani ule uti wa mgongo uliobeba gari, ni ya chuma, nayo huliwa na kutu polepole. Basi ingieni uvunguni, mgonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoboka. Kikitoboka, rudini na hela zenu.

Hilux je? Ni mpya zaidi, ina nguvu. Ila nozeli zake zinaongozwa kwa kompyuta. Dizeli ya madumu, yenye maji na uchafu, huziua, na fundi wetu hapa hana mashine ya kuzipima. Land Rover anaifungua kwa spana chini ya mwembe!

Halafu kadi ya gari. Linganisheni namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Dalali asiwasomee. Someni wenyewe.