Mkono Mwepesi: Kuanza Kuhariri Picha za Wanyama wa Porini Katanga
Mada kwa semina ya wapiga picha wanaoanza, Lubumbashi



Wengi wenu mmekuja na swali moja: nitumie programu gani? Nalijibu mapema lisituchukulie asubuhi yote. darktable na RawTherapee ni za bure na hufanya kazi bila intaneti. Lightroom ni nzuri, ila hulipiwa kila mwezi, tena kwa kadi ya benki ambayo si kila mmoja wetu anayo. Mwenye simu tu aanze na Snapseed. Kwa wenye kompyuta, hizo tatu nilizotaja kwanza zina jambo moja la kuwatuliza: haziandiki juu ya faili ya asili, huweka maagizo yako pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na mnajua utakatika, unaweza kupoteza maagizo ya dakika chache, lakini picha yenyewe iko salama. Ziko nyingine nyingi. Chagua moja, ukae nayo mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye swali gumu: uhariri mpaka wapi?

Mji huu una jibu lake maarufu. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 mfululizo aliouita Mémoire. Aliwatoa wafanyakazi wa migodi kwenye picha za kikoloni za nyeusi na nyeupe, akawasimamisha mbele ya magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines aliyoyapiga mwenyewe kwa rangi. Hadanganyiki mtu. Mshono unaonekana, umewekwa uonekane, na hoja yote imo kwenye mshono huo. Vijana wengi wa Lubumbashi wameingia katika upigaji picha kupitia kazi hiyo, au kupitia Picha, kituo cha sanaa ambacho Baloji na wenzake walikianzisha. Kwa hiyo nikisema msimhamishe tembo kutoka kushoto kwenda kulia, nasikia: mbona Baloji anaunganisha? Baloji anaunganisha mbele ya macho yetu. Anayetazama picha yako ya tembo hajaambiwa kwamba kuna mshono. Ameipokea kama ushahidi kwamba mnyama yule alikuwa pale, siku ile, katika hali ile.

Katika Katanga ushahidi huo una uzito wa pekee. Hifadhi ya Upemba iliundwa mwaka 1939, Kundelungu mwaka 1970, na wakazi wengi wa mji huu hawajakanyaga hata moja. Barabara ni mbovu, safari ni ghali, na kwa miaka mingi usalama ulikuwa mdogo. Mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi atamjua punda milia wa Upemba kwa picha, basi. Na hao ndio punda milia wa mwisho wanaojulikana katika nchi yetu nzima.

Tukae kidogo na punda milia, maana anafundisha karibu kila kitu. Milia ya kila mmoja ni yake peke yake, na watafiti huitumia kumtambua mnyama mmoja mmoja kwenye picha. Sasa tazama makosa manne ya anayeanza. La kwanza, anageuza picha ili mnyama atazame upande wa pili, kwa kuwa inapendeza zaidi. Ubavu wa kushoto umekuwa wa kulia, na milia ya kushoto haifanani na ya kulia: amezaliwa punda milia ambaye hayupo duniani. La pili, anafuta unyasi uliopita mbele ya ubavu, na programu inajaza pengo kwa kubahatisha, yaani inachora milia. La tatu ni kunoa picha kupita kiasi, mpaka kila mstari unapata ukingo mweupe kama umechorwa kwa chokaa. La nne watu hulipuuza: wapo punda milia wenye mstari hafifu wa kahawia kati ya milia myeusi, na ukiongeza utofauti wa mwanga kwa pupa mstari huo unatoweka. Yule aliyeuona porini ni wewe. Usiufute nyumbani.

Kuna mfano mwingine wa hapa hapa. Mwaka 2005 mwanasayansi Cotterill alimtambulisha swala aitwaye lechwe wa mabwawa ya Upemba kuwa aina mpya, Kobus anselli, akitegemea vielelezo vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Lechwe wa upande wa Zambia hutenganishwa, pamoja na mengine, kwa kiasi cha weusi mabegani na miguuni. Fikirini basi mtu anayesogeza kitelezi cha vivuli bila kufikiri, akaongeza weusi kwa sababu picha yake imefifia. Kwake ni urembo tu. Kwa anayejua wanyama, amebadili aina.

Waandaaji wa mashindano makubwa wanalijua hilo. Shindano la Makumbusho ya Historia Asilia ya London huruhusu kurekebisha mwanga, kukata kingo na kuondoa madoa ya vumbi la kamera. Halikubali kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwa mbele ya lenzi, na anayefika hatua za mwisho hutakiwa kuleta faili ghafi (RAW), kama ilivyotoka kwenye kamera. Mwaka 2018 waliiondoa picha iliyokuwa imeshinda, ya mla-mchwa wa Brazil usiku, baada ya wataalamu kuona kwamba mnyama yule anafanana mno na aliyekaushwa. Mpiga picha alikana. Hapo tatizo halikuwa la kompyuta kabisa, lakini neno likishatoka kwamba picha si ya kweli, hakuna rangi nzuri itakayoitetea. Pigeni kwa faili ghafi kama kamera inaruhusu, na msiifute hata mkiwa na njaa ya nafasi kwenye diski. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu mtaa mwingine.

Tuje kwenye mwanga wetu, ambao vitabu vya ng'ambo havikuandikiwa. Udongo wa Katanga ni mwekundu, na jua la saa sita huurudisha wekundu huo kwenye tumbo na kidevu cha mnyama. Kamera ikiachwa ichague yenyewe, huona wekundu umezidi, ikaongeza ubuluu. Palahala anatoka na manyoya ya rangi ya chuma. Rekebisheni uwiano wa weupe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa kutafuta ndani ya picha kitu mnachojua rangi yake: mfupa, manyoya meupe ya shingo, jiwe la kijivu. Ila tembo aliyejigaagaza kwenye tope jekundu ni mwekundu kweli. Mwacheni hivyo.

Agosti na Septemba kuna ukungu mweupe unaokaa juu ya kila picha. Ni moshi wa nyasi zinazochomwa na wa tanuri za makaa, vumbi nalo limo. Programu nyingi zina kitelezi cha kuufuta, na anayeanza hukivuta hadi mwisho. Mimi nasema kivuteni kidogo, macho ya mnyama yaonekane, kisha muishie hapo. Moshi ule una habari. Miombo inaondoka kwa njia hiyo, gunia kwa gunia, ili sisi wa mjini tupike bukari, na picha ya kongoni katika hewa safi kama ya Januari, iliyoandikwa Septemba, inaficha habari yenyewe.

Nyumbani, bila hifadhi wala lenzi ndefu, somo lipo: kunguru wa jalalani. Mwili mweusi, kifua cheupe. Ukiweza kuonyesha unyoya mmoja mmoja wa weusi ule bila kuunguza weupe wa kifua, umejua kusoma histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, na swala hatakusumbua. Inueni vivuli polepole. Mkiona chenga zimeanza kutambaa kwenye mabawa, rudini nyuma nusu ya mlikotoka.

Wengine watakwenda kwa sokwe yatima wa J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 kuwalea sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara wa magendo. Pale pana wavu, na mkono huwasha kuufuta. Msiufute. Sokwe aliyefutiwa wavu anaonekana yuko msituni na ana raha, mtu akatamani wa kufuga. Mkiwa na lenzi inayotosha, mkaribie na mpige kati ya matundu, kwa ruhusa ya walezi, na maelezo ya picha yaseme wazi kwamba yuko kwenye kituo.

Na hapo nataka mnisikilize zaidi kuliko kwenye rangi. Septemba 2022 sokwe wadogo watatu waliibwa katika kituo hicho, na walioiba wakatuma video kudai fidia. Faili ya simu hubeba ndani yake mahali na saa picha ilipopigwa. Kwa sokwe yatima, kwa ndovu, kwa kiota cha ndege adimu, taarifa hiyo ni ramani ya mwizi. Wakati wa kutoa nakala ya kuonyesha watu, darktable ina kisanduku cha kuondoa taarifa za mahali. Kwenye simu, zima mahali katika kamera kabla hujatoka nyumbani. Nakala yenye mahali kamili ibaki kwako, na kwa mtafiti au mlinzi wa hifadhi unayemwamini. Katika maelezo andika "Upemba", usiandike jina la mto.

Baada ya chakula kila mmoja atapewa faili ghafi moja ya kunguru. Mtaihariri, kisha mtaandika kwa mkono kila mlichobadili na kwa kiasi gani. Karatasi ndizo tutakazosoma kwanza. Picha tutaziangalia baadaye.