Kutembea Ginza kwa Miguu

Leo nataka tutembee pamoja, kwa fikira, katika Ginza, mtaa wa maduka ya fahari ulioko Tokyo, mji mkuu wa Japani. Gari hatulihitaji, maana njia yake kuu, Chuo-dori, yapata kilometa moja tu, nayo imegawanywa sehemu nane zenye nambari, hata mgeni hapotei.

Mwaka 1612 shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa zamani, aliweka hapa kiwanda cha kupigia sarafu za fedha. Ndiyo asili ya jina Ginza. Mwaka 1872 moto mkubwa uliteketeza nyumba za mbao. Serikali ikaamuru zijengwe za matofali, ikamtumia Mwairishi Thomas Waters, ili moto usipate tena chakula. Watu wengi walisita kuhamia, kwa kuwa zilikuwa ghali, tena zina unyevu. Ikafika tarehe 1 Septemba 1923: ardhi ikatetemeka, moto ukafuata, na mtaa ule wa matofali ukaangamia. Waliojilinda na adui mmoja walijiwa na wa pili.

Basi tusimame penye njia panda ya sehemu ya nne. Lile jengo la mawe lenye saa kileleni lilimalizika mwaka 1932. Mwaka 1945 mabomu yaliunguza mtaa, lakini lenyewe likasalia. Ng'ambo yake ni Mitsukoshi, duka la ghorofa nyingi. Na hatua chache tu kutoka hapo twafika kwa mwoka mikate Kimuraya, ambaye mwaka 1874 alianza kuuza mkate mdogo uliotiwa ndani maharagwe mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Mkate huo waliweza kuununua hata wasio matajiri.

Jumamosi na Jumapili, tangu adhuhuri, magari huzuiwa na watu huijaza njia. Desturi hiyo ilianza mwaka 1970. Wajapani wana neno lao, ginbura, maana yake kutembea Ginza polepole. Macho hayana pazia: mbele ya dirisha la vito, mwenye mfuko mzito na mwenye mfuko mtupu hutazama sawasawa.

Nanyi wanafunzi, mwonapo fahari ya mji wo wote, ulizeni kwanza umejengwa mara ngapi, na kila mara wajenzi walijifunza nini. Kwa herini.